Mbali Ni Wapi? Hotuba kwa Madereva wa Bagamoyo Kuhusu Kuingia Barabara Kuu Yenye Magari Mengi

Ndugu Mwenyekiti, waheshimiwa viongozi wa serikali na wa dini mliohudhuria, wazee wangu wa Bagamoyo, ndugu zangu madereva wa mabasi, malori, daladala, bajaji na bodaboda, makondakta, matingo, na nanyi wazazi mliokuja kusikiliza kwa niaba ya watoto wenu walio barabarani saa hii: nawasalimu nyote kwa heshima. Wazee wangu, shikamooni. Nashukuru kwa kunipa nafasi ya kuzungumza juu ya jambo ambalo limenikaa moyoni kwa miaka mingi, nalo ni namna ya kuingia barabara kuu wakati magari yamejaa na yanakwenda kasi.

Kabla sijaendelea, naomba kila mmoja ageuke atazame upande wa kulia wa turubai, kando ya ile barabara ya vumbi, mbali kidogo baada ya michungwa. Kuna pipa jekundu pale. Tafadhali lipime kwa macho, ukadirie liko mita ngapi kutoka hapa tulipokaa, kisha jibu lako ulihifadhi moyoni bila kumwambia jirani. Tutalirudia pipa hilo tukimaliza.

Sababu ya kuanza na pipa ni swali ambalo niliulizwa nikashindwa kulijibu. Miaka kadhaa iliyopita nilikuwa dereva wa lori, na kazi yetu ilikuwa kubeba mananasi ya Kiwangwa na kuyapeleka mikoa ya kaskazini. Mnaifahamu barabara yetu hii ya kutoka Bagamoyo hadi Msata, kilomita 64, na mnafahamu kwamba ikifika Msata inakutana na barabara kuu inayotoka Chalinze kwenda Segera, ambayo hubeba mabasi na malori ya Tanga, Kilimanjaro na Arusha usiku na mchana. Anayekwenda Chalinze hukunja kushoto, na anayekwenda Segera hukunja kulia. Jioni ile nilikuwa nakwenda Segera, lori limejaa hadi juu ya mbao, jua linanipiga usoni kwa kuwa ukitoka huku kwetu unaelekea magharibi. Nikasimama kwenye njia panda, nikatazama kulia, kweupe. Nikatazama kushoto, nikaona basi linakuja kutoka Chalinze. Nikaliona vizuri kabisa. Nikasema moyoni kwamba liko mbali, nikaweka gia ya kwanza, nikaingia.

Lori lenye shehena halikimbii kwa sababu dereva wake amekusudia kukimbia. Nilikuwa bado katika gia ya pili, nimenyooka tu katika upande wangu, niliposikia matairi ya basi yakilia nyuma yangu, na mara nikaliona lile basi pembeni yangu upande wa kushoto, nje ya lami, ndani ya vumbi, limeinama kiasi cha kuonyesha tumbo. Mwenyezi Mungu aliwaokoa abiria wote, hakuna aliyeumia. Dereva wa basi alishuka, akaja hadi mlangoni kwangu. Nilitegemea matusi, na nilikuwa nimeyastahili. Badala yake aliniuliza kwa sauti ya chini, "Kaka, uliniona?" Nikamjibu kwamba nilimwona. "Sasa kwa nini uliingia?" Nikamwambia nilidhani yuko mbali. Akanitazama kwa muda, akauliza, "Mbali ni wapi?"

Sikuwa na jibu. Nilikuwa nimeendesha kwa miaka tisa, nikitumia neno hilo "mbali" mara mia kwa siku kuamua uhai wa watu, na sikuwahi kujua linaanzia wapi na kuishia wapi. Ndiyo maana leo sitawaambia muwe waangalifu, kwa kuwa hilo mmeliambiwa tangu mlipoanza kujifunza, na mimi mwenyewe siku ile nilijiona mwangalifu: nilisimama, nilitazama pande zote mbili, na nilimwona niliyemwona. Kilichonikosesha ni kipimo. Macho yangu yalikuwa yanapima umbali, ilhali jambo lililotakiwa kupimwa lilikuwa muda.

Naomba mnivumilie kwa hesabu kidogo. Sheria yetu ya Usalama Barabarani ya mwaka 1973 inaweka mwendo wa juu wa basi la abiria, na wa gari la mizigo linalozidi kilo 3,500, kuwa kilomita 80 kwa saa. Mwendo huo ni sawa na mita 22 katika kila sekunde moja. Katika muda unaotumia kupenga kamasi, basi limekwisha kupita urefu wa malori mawili. Sasa chukua gari dogo lenye injini nzima, dereva mzuri, abiria watatu, limesimama kwenye njia panda na linataka kukunja kushoto. Tuseme linahitaji sekunde 15 ili litoke kwenye kusimama hadi lifikie kilomita 80 kwa saa. Katika sekunde hizo 15 gari hilo litakuwa limetembea takriban mita 167, kwa sababu lilianza polepole. Basi linalokuja nyuma yake katika sekunde zile zile limetembea mita 333. Maana yake ni kwamba basi limemkaribia mwenye gari dogo kwa mita 166 nzima, na kama alipoingia basi lilikuwa mita 166, basi hapo ndipo bampa zinapobusiana. Ongeza nafasi ya kupumulia ya sekunde mbili na ushei kati ya gari na gari, utapata mita 220. Kwa mwendo wa basi, mita 220 ni sekunde kumi.

Sekunde kumi, ndugu zangu. Hiyo ndiyo "mbali" ya gari dogo linaloanza kutoka kwenye kusimama, linapokunja kushoto kuingia barabara ya mwendo wa 80 huku wengine wakiendelea na mwendo wao. Anayekunja kulia aongeze sekunde tatu au nne, kwa sababu kwanza anakatiza upande wa karibu ndipo aukute upande wake, na muda huo wa kukatiza gari lake limelala kwa ubavu, yaani linaonyesha mlango, si bampa.

Kwa lori la mananasi hesabu inatisha. Tuseme linahitaji sekunde 40 kufika kilomita 60 kwa saa, na wapo kati yenu mtakaosema kwamba nimelipendelea. Litakuwa limetembea mita 333, na basi limetembea karibu mita 890. Tofauti yake inazidi nusu kilomita, na bado basi lina kasi kuliko lori. Upenyo wa namna hiyo hauji kila dakika, na sehemu nyingine macho hayafiki nusu kilomita kwa sababu ya kona au mwinuko. Ndiyo maana dereva wa lori anapoingia barabara kuu, anaingia kwa msaada wa wenzake walioko barabarani, apende asipende, na hilo nitalisema mbele.

Sasa mtaniuliza kwamba sekunde kumi hizo nitazihesabuje nikiwa njia panda, konda anapiga bodi na jua linachoma. Njia ni rahisi, na inatumia muda ule ule ambao ungekaa ukinung'unika. Ukifika njia panda na kukuta magari yanapita, usiyatazame bure. Chagua kitu kisichotembea upande yanakotokea: mwembe, nguzo ya umeme, kibanda cha mkaa. Gari likiupita mwembe, anza kuhesabu kwa mwendo wa kawaida, mia na moja, mia na mbili, mia na tatu, hadi lifike mbele yako. Likifika kabla ya mia na kumi, mwembe huo uko karibu mno, basi chagua kitu kilicho nyuma yake zaidi. Likifika kwenye mia na kumi au baada, umepata mpaka wako. Tangu hapo hakuna tena "nadhani". Gari likiwa limeshaupita mpaka, unasubiri. Likiwa halijaufikia na nyuma yake hakuna linalolipita, unaingia, tena unaingia kwa kukanyaga mafuta sawasawa, bila kusitasita. Mwanamke au mwanamume anayeuliza kwa nini hujaondoka, mwambie unahesabu.

Kupima kwa macho matupu kunadanganya, na kunadanganya zaidi pale tunapodhani tunaona vizuri. Kitu kikubwa kikija kwa kasi huonekana kana kwamba kinatembea polepole. Ndiyo sababu watu huingia mbele ya basi na mbele ya treni, wakaapa baadaye kwamba lilikuwa linajikokota. Pikipiki kwa upande wake ni ndogo, na kitu kidogo ubongo hukiweka mbali kuliko kilipo. Usiku mambo ni mabaya zaidi, kwa sababu kinachobaki ni taa, na taa moja inaweza kuwa pikipiki iliyo karibu au lori lililoungua balbu. Iko pia ile nguzo ya bati inayoshika kioo cha mbele. Nguzo hiyo inaweza kuficha bodaboda nzima na abiria wake, na ikiwa gari lako linasogea taratibu wakati bodaboda nayo inasogea, inaweza kuendelea kumficha hadi dakika ya mwisho. Dawa yake haina gharama: egemea mbele, rudi nyuma, pepesa kichwa kama mtu anayechungulia dirishani, kisha tazama tena kulia kabla ya kuachia klachi.

Kuna kosa jingine ambalo nimeliona hata kwa madereva waliozeeka kazini, na naomba nilikazie. Anayekunja kushoto huamini kwamba hatari yake iko kulia peke yake, kwa kuwa magari ya upande anaouingia yanatokea kulia. Hutazama kulia, hukuta kweupe, huondoka huku shingo bado imeelekea huko. Lakini barabara ya Chalinze hadi Segera ina sehemu ndefu ambazo kila upande una njia moja tu, na katika barabara ya namna hiyo gari linalolipita jingine huhamia upande wa wanaokuja. Maana yake ni kwamba wakati unaingia upande wako halali, basi linaloovateki lori linaweza kuwa linakuja upande huo huo likikuelekea usoni, kutoka kushoto kwako. Dereva wa basi hilo aliitazama barabara mbele yake akaikuta tupu, kwa sababu wewe ulikuwa bado hujaingia. Wote wawili mlitazama, na wote wawili mliona kweupe. Kwa hiyo tazama kulia, tazama kushoto, tazama kulia tena, na ukiona kushoto kuna lori linalokuja polepole na nyuma yake kuna magari yaliyobanana, jua kwamba wakati wowote mmoja wao atachomoza. Subiri msururu huo upite.

Nizungumzie pia taa, maana hapa tumejitengenezea lugha ambayo kila mtu anaisoma kivyake. Basi linalokuja limewasha indiketa ya kushoto. Wewe unadhani linakunja kuingia barabara yako, kumbe linakwenda kushusha abiria mita hamsini mbele ya njia panda, au dereva amesahau kuizima, au alikuwa anamwambia aliye nyuma yake kwamba anaweza kupita. Lori limekupiga taa fulu mara mbili. Kwa dereva mmoja hiyo ni ruhusa ya kuingia, kwa mwingine ni onyo kwamba anakuja na hatasimama. Nimeyashuhudia mabishano ya maneno hayo kando ya magari yaliyogongana, kila mmoja akiwa mkweli. Ninachowashauri ni kuamini magurudumu kuliko taa. Gari linalokunja kweli hupunguza mwendo, pua yake huinama, na matairi ya mbele huanza kugeuka. Usipoyaona hayo, ichukulie indiketa kama pambo.

Na honi ya aliye nyuma yako? Huyo haoni unachokiona wewe. Anachoona ni tela lako au buti lako. Hana haki ya kukuamulia. Lakini na wewe uliye nyuma una la kuchunga, kwa kuwa migongano mingi midogo ya njia panda hutokea hivi: gari la mbele linaanza kuondoka, la nyuma linaona limeondoka, dereva wake anageuza shingo kulia kutafuta upenyo wake mwenyewe, anakanyaga mafuta, kumbe yule wa mbele amesita na kusimama. Kabla hujageuza shingo, hakikisha aliye mbele yako ametoka kabisa na yuko barabarani anakwenda.

Hadi hapa nimesema juu ya kuingia kutoka kwenye kusimama. Wengi wenu mnakwenda Dar es Salaam karibu kila siku, na mnakutana na barabara zenye njia nyingi, kama ile ya Kimara hadi Kibaha yenye njia nane. Katika barabara za namna hiyo mara nyingi anayeingia hupewa kipande cha lami pembeni, sambamba na barabara kuu, ambacho hupungua hadi kwisha. Kipande hicho ni njia ya kuongezea mwendo, na jina lake ndilo kazi yake. Nasikitika kuona madereva wanaokitumia kama uwanja wa kusubiria: wanatambaa kwa kilomita 30 hadi mwisho, wanasimama, halafu wanataka kuruka kutoka kwenye kusimama hadi ndani ya magari yanayokwenda 80. Wamezitupa mita zote walizopewa, wakajirudisha kwenye ile hesabu ya sekunde kumi.

Mjini kwetu hapa, penye chuo chetu cha sanaa cha TaSUBa, sina haja ya kueleza kwa kirefu. Mpigaji anayejiunga na ngoma inayolia hanyanyui mikono akapiga papo hapo. Husikiliza kwanza, mguu wake hukanyaga mapigo yale yale, kichwa hufuata, na anapoingia mchezaji hatambui kwamba mkono umeongezeka. Ndivyo ilivyo kuingia kwenye magari yanayokwenda. Tangu unapoanza ile njia ya pembeni, washa indiketa ya kulia mapema, tazama kioo cha pembeni, chagua magari mawili utakayoingia katikati yao, kisha ongeza mwendo hadi ulingane nao. Geuza shingo mara moja, kufumba na kufumbua, kutazama pale begani ambapo kioo hakifiki, kwa sababu bodaboda hupenda kukaa hapo. Halafu ingia kwa kuteleza taratibu, bila kukata uskani. Ukiona mapema kwamba upenyo hautakuwepo, punguza mwendo mwanzoni mwa kipande hicho, wakati bado una lami ya kukimbilia mbele yako. Anayengoja kupunguza mwishoni amebakiwa na ukuta. Mtu aliyeingia vizuri ni yule ambaye aliye nyuma yake hakugusa breki. Mimi sina kipimo kingine cha udereva kinachozidi hicho.

Nafika sasa kwenye foleni, na hapa naomba niseme kwa uchungu. Jumapili jioni, watu wanaporudi Dar es Salaam, magari hubanana kuanzia Mapinga kuelekea Bunju, na hapo ndipo tunapoona tabia mbili mnazozijua kwa majina: kutanua na kuchomekea. Mmoja anaacha msururu, anapita pembeni juu ya bega la barabara, anawasumbua waenda kwa miguu na akina mama wanaouza matunda, kisha anachomekea mbele kwa kuingiza pua ya gari, akijua kwamba mwenye gari zuri ataogopa mkwaruzo. Watu wanamwita mjanja. Hebu tumtazame kwa ukaribu anachofanya.

Mwaka 2008 watafiti wa Japani, wakiongozwa na Yuki Sugiyama, walichapisha jaribio ambalo kila dereva angepaswa kulijua. Waliyaweka magari 22 kwenye barabara ya duara yenye mzunguko wa mita 230, wakawaambia madereva waende kwa mwendo mmoja wa takriban kilomita 30 kwa saa. Hapakuwa na njia panda, hapakuwa na taa, hapakuwa na trafiki wala ajali. Baada ya muda mfupi foleni ilijitokeza yenyewe: mmoja alipunguza kidogo, wa nyuma yake akapunguza zaidi kwa kuwa alichelewa kuona, wa nyuma zaidi akasimama kabisa, na ule mkusanyiko wa magari yaliyosimama ukawa unarudi nyuma, kinyume cha mwelekeo wa safari, kama wimbi. Kama watu 22 wenye nia njema walitengeneza foleni katika barabara tupu kwa kupunguza mwendo kidogo tu, fikirini breki moja ya ghafla inayosababishwa na mtu mmoja anayechomekea pale Bunju. Yeye amekwenda zake. Wimbi lake linarudi nyuma, linawakuta watu wa Mapinga wakiwa hawajui hata kilichotokea, na katikati ya wimbi hilo kuna gari ambalo breki zake hazikutosha.

Hata hivyo sitaki mwondoke hapa mkidhani kwamba kila anayeingia katika foleni anachomekea. Njia mbili zinapobanwa kuwa moja, kwa sababu ya matengenezo au gari lililoharibika, kuna madereva wanaohamia mapema mno na kupanga mstari mrefu upande mmoja, wakauacha upande mwingine mtupu, kisha wanamkasirikia yeyote anayeutumia. Huko Ujerumani sheria yenyewe inaelekeza kwamba njia ikiisha, magari yaendelee hadi karibu na mwisho wake, halafu yaingie kwa zamu, moja la huku, moja la kule, kama meno ya zipu ya nguo. Naukubali utaratibu huo kwa moyo wote, kwa sharti kwamba zote mbili ziwe ni njia za magari. Bega la barabara si njia, na jino la zipu haliruki zamu ya mwenzake. Tofauti ya anayeingia kwa zamu na anayechomekea ni kwamba wa kwanza ameachiwa nafasi, na wa pili ameipora.

Vijana wangu wa bodaboda, nanyi nina neno lenu. Nimewaona wengi mmeng'oa vioo vya pembeni kwa kusema vinawazuia kupenya kwenye foleni. Mnapotoka kijiweni kuingia barabarani, mnaingia kutoka pembeni kushoto, na lori linalokuja nyuma yenu hamlioni ila kwa kugeuka mwili mzima, na ukigeuka mwili, pikipiki nayo hugeuka. Rudisheni vioo. Pia kumbukeni kwamba pikipiki iliyopakia mishikaki, watu watatu juu ya kiti kimoja, haikimbii kama ile uliyoijaribu ukiwa peke yako asubuhi. Ile sekunde kumi ni yenu pia, na ukiwa umebeba abiria na gunia la mkaa, iongeze.

Nirudi kwenu mlioko tayari barabarani, madereva wa mabasi hasa. Sheria iko upande wenu. Anayetoka barabara ndogo ndiye mwenye wajibu wa kusubiri. Pembetatu iliyopinduka yenye ukingo mwekundu, na ile alama ya simama yenye pembe nane, humwambia hivyo yeye. Katika kipilefti nako anayeingia humpisha anayetokea kulia kwake. Yote hayo ni kweli, nami siku ile Msata nilikuwa na kosa kwa asilimia mia moja. Lakini yule dereva wa basi aliniambia jambo jingine kabla hajaondoka: kwamba aliliona lori langu likitingisha pua tangu mbali, akajua kwamba lina mzigo na halitakimbia, na akaondoa mguu kwenye mafuta kabla mimi sijaingia. Mguu ule uliotolewa mapema ndio uliompa mita zilizomwezesha kutoka nje ya lami badala ya kunivaa. Kwa mwendo wa 80, mtu anayechukua sekunde moja na nusu kushtuka na kufikia breki huwa amekwisha kutembea mita 33 bila breki kushika. Yeye mita hizo alizinunua mapema.

Kwa hiyo ukikaribia njia panda na kuona lori limesimama, ondoa mguu kwenye mafuta. Katika barabara ya njia nyingi, kama kulia kwako ni kweupe, hamia kulia umwachie anayeingia. Na msiendeshe mkiwa mmebanana kiasi kwamba hata mtu mwenye haraka ya halali, gari la wagonjwa au mama aliyejifungua njiani, hana pa kuingilia. Wale kati yenu wenye umri wanalikumbuka daraja la zamani la Wami, ambalo lilipitisha gari moja moja, huku tukisubiriana kila upande. Hakuna aliyepungukiwa utu kwa kusubiri pale. Tulizima injini, tukanunua korosho, mwenzetu akapita.

Mwenyekiti, muda wangu unakwisha, na pipa bado linatusubiri. Lile pipa jekundu, ndugu zangu, liko mita 220 kutoka kwenye nguzo hii ya turubai; nililipima mwenyewe alfajiri kwa utepe, mara mbili. Hiyo ndiyo sekunde kumi ya basi. Naomba sasa tusimame, tutoke nje taratibu, wazee watangulie. Kijana mmoja wa bodaboda na dereva mmoja wa lori watembee hadi kwenye pipa wakasimame kando yake, na sisi wengine tubaki hapa tuwatazame jinsi walivyo wadogo. Kisha kila mmoja aniambie, kwa ukweli, kama jana jioni aliingia barabarani mbele ya gari lililokuwa karibu kuliko wale.